Konseto ya Aliyechelewa

Kwanza niseme hili kabla mtu hajanikata kauli: kilio kile kilikuwa changu. Si cha Donatien. Siku hizi kila anayesimulia habari ya ndugu yangu huku Ubelgiji, kuanzia Schaerbeek mpaka Liège, anasema eti Roho alimshukia, akashika kalamu, muziki ukamwagika wenyewe. Roho gani? Mimi ndiye niliyekuwa kwenye ngazi, na viatu vya kazi miguuni, napiga yowe. Yeye alikuwa ndani, amekaa kwenye kiti, anatafuna karanga.

Bon. Ngoja nianze vizuri.

Mimi ni Victorine, binti wa Mama Mauwa wa Katuba, kule Lubumbashi. Donatien Mwenze ndiye aliyenifuata tumboni, kwa hiyo ananiita yaya, yaani dada mkubwa, na akisahau namkumbusha. Mama yetu alikuwa anauza maandazi mbele ya nyumba. Donatien alipofika umri wa miaka kumi na miwili akaingia seminari ndogo kwa mapadri. Mama akafurahi, akawaambia majirani wote kwamba amezaa padri. Kumbe mtoto hakumfuata Mungu, alifuata kinanda. Mapadri walipogundua kwamba anakimbia sala ili akabonyeze kinanda cha kanisani, wakamrudisha nyumbani na begi lake na daftari tatu zilizojaa noti. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Alisema, "Basi nimezaa kinanda."

Brussels tulifika baada ya ule uporaji wa wanajeshi wa mwaka tisini na moja, yeye mbele, mimi nyuma yake. Mimi nikapata kazi ya kusafisha katika nyumba moja ya wazee huko Forest. Donatien naye akapata kazi ya piano. Msishangilie haraka: kazi ya kubeba piano. Karibu na Chaussée d'Ixelles kulikuwa na karakana ya kutengeneza piano za zamani, na mtu aliyenunua piano huko alitaka ifike kwake ghorofa ya nne, kwenye zile ngazi za Brussels zinazojipinda, ambazo hata kupanda na mfuko wa viazi ni taabu. Donatien na wenzake wawili walivaa mikanda mabegani, wakapandisha. Ikishafika juu, kabla ya kutoka, alibonyeza sauti tatu. Mwenye nyumba alidhani anakagua kama haikuharibika. Mimi najua alikuwa anaisalimia.

Saa ya chakula wenzake walikwenda kula. Yeye alibaki karakanani, akasogeza kiti mbele ya piano yoyote iliyokuwa inangoja fundi, akaandika. Alikuwa anaandika konseto. Aliponiambia mara ya kwanza nilidhani ni jina la ugonjwa. Akanieleza: ni muziki mrefu ambamo mtu mmoja anakaa mbele na piano, na okestra nzima iko nyuma yake, watu arobaini, na lazima waongee, yeye na wao. Nikamwambia, "Mutu moja na watu quarante? Watamumeza." Akasema, "Njo kazi yenyewe, yaya. Wasimumeze."

Konseto ya kwanza ilimchukua miaka miwili. Jioni alikuwa anasoma kwenye akademia ya muziki, akampelekea mwalimu wake, mama mmoja mzee mwenye miwani ya kamba. Yule mama akasoma kurasa zote themanini, akamuuliza kwa upole: "Bwana Mwenze, kuna noti ya fa moja ya chini ambayo haipo popote, hata mara moja. Ni uamuzi wa kisanaa?" Hakukuwa na uamuzi wowote. Ile piano ya karakanani aliyoandikia ilikuwa imevunjika ule mti wa kubonyeza wa fa, na kwa sababu haulii, miaka miwili mizima yeye hakuutumia, na hata hakujua kwamba hautumii. Nilicheka wiki mbili. Mpaka leo nikikasirishwa naye namuuliza, "Na fa yako, iko wapi?"

Ya pili ilikuwa na noti zote. Alinipigia kwenye piano ya ukumbi wa parokia yetu, Schaerbeek, akageuka akaniuliza, "Ni nzuri?"

"Ni safi," nikasema.

"Safi namna gani?"

"Kama mutoto anayesoma hotuba mbele ya askofu."

Jumapili mbili hakuja kula kwangu. Mimi sijui kudanganya, na hasa sijui kumdanganya mtu ninayempenda. Jumapili ya tatu akaja, akala, kisha akaweka uma chini. "Yaya, siyue mulango uko wapi," akasema. "Ile okestra inakuwa inaongea tayari. Piano inaingia aje? Kwa wazungu inaingia kama mufalme, wote wananyamaza. Mimi si mufalme. Nikiandika vile, nasikia ninaiga. Nikiandika bila ile, piano inapotea kabisa. Miaka minne natafuta mulango tu."

Nilimhurumia. Lakini ningefanya nini? Nikamwongezea ugali.

Halafu, mwezi wa kumi na moja wa mwaka tisini na tano, Mama akafa.

Habari ilitoka Lubumbashi kwa fonia, ile redio ya kuitana, mpaka Kinshasa, na Kinshasa mtu akatupigia simu, kwa hiyo tulipoipata, Mama alikuwa ameshazikwa tangu siku mbili. Kurudi haikuwezekana. Mimi na Donatien wote tulikuwa na ile kadi ya rangi ya chungwa wanayompa mtu anayengoja jibu la ukimbizi. Ukivuka mpaka nayo hurudi tena. Kwa hiyo wazee wa Katanga wakaamua kilio kifanyike Brussels, siku ya Jumamosi, kwa Papa Polycarpe, aliyekuwa mkuu wa kwaya yetu na mkubwa wetu sote. Papa Polycarpe ni mtu mnene, mpole, ambaye hata dereva wa tramu anamvulia kofia.

Nikaenda kwa chef wangu kuomba ruhusa. Mnajua alinijibu nini? "Victorine, mama yako amezikwa Afrika. Hapa hakuna mazishi. Sasa unawahi nini?" Nawaambia, mikono yangu iliwasha. Lakini nilikuwa na kadi ya chungwa, na mwenye kadi ya chungwa anameza. Nikasafisha korido nne zote, na vyoo, mpaka saa kumi na moja jioni. Nikatoka bila kubadili hata viatu. Watu walikuwa wameketi kwenye kilio cha mama yangu tangu asubuhi, na mimi binti yake nilikuwa Forest na ndoo.

Sasa, kwetu mtu haingii kwenye kilio kimya kimya kama anaingia benki. Unaanza kulia ukiwa bado nje, penye lango. Unamwita marehemu kwa jina. Unamwambia wewe ni nani kwake, amekuacha na nini, mlifanya nini pamoja, mligombana kwa ajili gani. Walioko ndani wanakuwa wanaimba nyimbo zao; wakikusikia, wanaacha wimbo wao wanachukua wako. Wanawake wanakuja kukupokea, wanalia sauti yako pamoja nawe, mpaka umalize. Kama ni binti wa marehemu, hakuna anayemwambia basi. Atamaliza mwenyewe.

Kwa Papa Polycarpe hakukuwa na lango. Ni ghorofa ya tatu. Nikaanzia ngazi ya kwanza.

"Mawee, mama! Mama Mauwa, umeniachia nani!"

Sauti ilipanda mbele yangu. Nilisikia wamama wa kwaya huko juu wakikatisha wimbo, wakanipokea, "Mawee!" Nikapanda ya pili. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeanza. Nilikuwa bado sijamwambia Mama kitu. Na hapo jirani mmoja akaanza kugonga ukuta. Pwa, pwa, pwa, na fimbo ya ufagio. Mlango mmoja ukafunguliwa, mtu akafoka kwa Kifaransa, mlango ukafungwa kwa kishindo. Nilipofika juu, Papa Polycarpe alinipokea kwa mikono miwili, na kitu cha kwanza alichoniambia kilikuwa:

"Chut, maman, chut. Ba voisins banagonga. Police itakuya. Tulia."

Na mama mmoja, kwa upendo kabisa, akaniweka kiganja mdomoni.

Nikanyamaza. Wakaniketisha, wakanipa chai. Kilio kikanibaki hapa kooni, kizima, na kila asubuhi nilipoamka nilikikuta. Donatien alikuwa upande wa wanaume. Nilimwona ameinama, ameweka karatasi gotini. Nilidhani anaandika majina ya waliokuja.

Ikapita miezi minne. Siku moja ya mwezi wa tatu akaniita ukumbini. Macho yake yalikuwa mekundu na ndevu hajanyoa. "Yaya, nimepata mulango," akasema. Akanikalisha kiti cha mbele. Kiti cha piano akakiacha kitupu. Akasimama pembeni, akaanza kuimba sehemu ya okestra kwa mdomo, akipiga sakafu kwa mguu, wimbo wa chini chini, wa kuzunguka. Niliutambua. Ni wimbo ambao wamama wetu wanaimba kilioni saa ambazo hakuna jipya. Akaimba, akaimba, piano haina mtu. Kisha akatoka nje kabisa ya mlango wa ukumbi. Nikasikia viatu vyake vinarudi. Akaingia kwa haraka, akakaa, na mikono miwili ikaanguka juu ya piano.

Noti ya kwanza sikujua. Ya pili nikashtuka. Ya tatu nikasimama. *Mawee, mama.* Ilikuwa mimi, kwenye ngazi.

Nilifunga kifuniko cha piano kwa nguvu zangu zote. Asingetoa vidole upesi angekuwa leo anabeba piano kwa meno.

"Umeniuza!" nikamwambia. "Mama amekufa, mimi nalia, na wewe unaandika? Unaandika? Wewe ni mutu wa namna gani?"

"Yaya, sikia..."

"Sitasikia! Kilio yangu si muziki! Utafuta hii, leo!"

Akatoa ile karatasi mfukoni. Ilikuwa ratiba ya mazoezi ya kwaya, na nyuma yake mistari mitano aliyoichora kwa mkono, na noti zangu juu yake. "Nikifuta, konseto haiko," akasema. "Na usiseme sikumulilia mama. Nyie wanawake munalia. Sisi wanaume wanatupa kiti na karanga, tunaambiwa tujikaze. Ningefanya nini na mikono yangu? Niliandika. Sikujua namna ingine."

Nilikaa nikiwa bado nimeshika kifuniko. Baadaye nikakifungua mwenyewe. "Piga tena," nikasema. "Yote."

Akapiga. Piano ikalia, okestra ikaacha wimbo wake ikachukua wa piano, kama inavyotakiwa. Nilisisimka, siwezi kukana. Lakini haikupita hata dakika moja, akaanza kugonga ubao wa piano kwa ngumi, pwa, pwa, pwa, akanieleza kwamba hapo ni zile ngoma kubwa za okestra. Halafu vinanda vya nyuzi vikaja polepole juu ya piano, laini, vinaibembeleza, na piano ikashuka, ikashuka, ikanyamaza.

"Simama," nikasema. "Mbona unaninyamazisha?"

"Juu njo vile ilikuwa."

"Najua vile ilikuwa! Nilikuwako! Kiganja kilikuwa mdomoni mwangu, si mwako! Nani amekutuma uandike vile ilikuwa? Andika vile ilipashwa kuwa!"

Alinitazama. Sijui niseme alinitazama namna gani. Nilimwona ana miaka kumi na miwili, na daftari zake tatu. Halafu akachukua zile kurasa za mwisho, nyingi, kazi ya wiki nzima, akazichana vipande. Akageuza kiti chake kunielekea.

"Alors, yaya," akasema. "Malizia."

Jumamosi tatu nilikuja pale ukumbini kumalizia. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki, nikamwambia Mama yote niliyokuwa nimebeba kwenye ngazi ile. Habari ya sukari niliyoiunguza siku ya harusi ya jirani, akanipiga kwa mwiko mpaka mwiko ukavunjika, kisha akalia yeye kuliko mimi. Habari ya picha aliyoniomba kwa barua, nivae koti la baridi aone binti yake kwenye theluji, na mimi kila wiki nasema nitapiga picha, nitapiga. Sikupiga. Nilisema, niliimba, mengine nilipiga kelele tu. Donatien alitafuta kila kitu kwenye piano, akiuliza, "Hivi? Ao chini zaidi?" Nami nikasema, "Chini zaidi, mpumbavu, hapo nilikuwa naona haya." Hata ile fa yake ya chini iliingia humo, mara nyingi.

Ikatoka sehemu ambayo piano iko peke yake, dakika saba. Okestra nzima imekaa, inangoja, haigusi. Alipoipiga yote kwa mara ya kwanza, mikono yake ikabaki hewani. "Hii haikutoka kwa mutu yeyote," akasema. "Ni ya kwetu." Miaka mitano alikuwa anaigonga piano kutoka nje. Siku ile alikuwa ndani.

Kuandika ni kitu kimoja. Nani ataipiga? Kulikuwa na msichana anaitwa Anaïs, baba yake Mkatanga, mama yake Mbelgiji, mwanafunzi wa piano, mdogo wa mwili lakini ana mikono ya kukanda unga. Aliisoma, akaomba aipige yeye. Akaipeleka kwa okestra moja ya watu wa kujitolea iliyokuwa inatayarisha tamasha la mwezi wa sita mwaka tisini na saba. Kiongozi wao, yule wa fimbo, akaipenda. Akatuita kwenye mazoezi. Donatien alivaa suti, mimi nikavaa kitenge changu kizuri, na karatasi za Donatien zilikuwa juu ya vile visimamio arobaini. Nilijivuna, nawaambia ukweli.

Yule bwana alikuwa na mambo matatu madogo, ndivyo alivyosema, madogo.

La kwanza: kwa nini hakuna djembe? Watu watakuja wakitegemea kusikia Afrika. Donatien akamjibu kwa adabu, "Monsieur, djembe ni ya Afrika ya Magharibi. Mimi djembe ya kwanza katika maisha yangu niliiona hapa, Porte de Namur. Ilikuwa inapigwa na Mbelgiji." Wapiga fidla wakacheka, na hata yeye akacheka. Djembe ikaisha.

La pili: Anaïs akae kwenye piano tangu mwanzo. Kiti kikiwa kitupu, halafu aingie kwa mlango wa nyuma, watu watadhani amechelewa.

"Amechelewa," akasema Donatien. "Chef wake alimunyima ruhusa."

Yule bwana hakuelewa, lakini akasema sawa, ni jambo la jukwaani tu.

La tatu hakucheka. Zile dakika saba ni nyingi mno, hakuna anayevumilia kilio kirefu namna hiyo. Abakize mbili, kisha okestra iingie taratibu kumtuliza. Tayari alikuwa amepiga mstari kwa kalamu nyekundu, kwenye karatasi zote. Ama hivyo, ama wimbo wa mtu mwingine.

Nilihisi kile kiganja mdomoni. Nilikuwa nimejiapiza siku ile sitafungua mdomo, nisimwaibishe ndugu yangu mbele ya wazungu. Nikamtazama Donatien. Miaka mitano ya mikanda mabegani. Angesema ndiyo, ningemsamehe? Sijui. Labda baada ya mwaka.

Donatien alikwenda kwenye kisimamio cha kwanza, akachukua karatasi zake. Akaenda cha pili. Cha tatu. "Pardon, madame. Pardon, monsieur." Ukumbini unasikia karatasi tu. Alizunguka vyote arobaini, akazikusanya, akazitia kwenye mfuko wangu wa sokoni, juu ya vitunguu. Nyuma kuna mtu alisema huyu ni kichaa. Nikamgeukia, nikamtazama mpaka akashusha macho.

Nje, barabarani, Donatien akasimama. "Yaya, nimeharibu?"

"Beba mufuko," nikamwambia. "Karatasi zikinuka vitunguu, utaziandika upya."

Anaïs akatoka nyuma yetu anakimbia, koti hajalifunga. Wiki iliyofuata wapiga okestra kumi na mmoja wakamfuata, mmoja mmoja, bila kumwambia kiongozi wao. Kumi na mmoja tu. Na wale ishirini na tisa waliobaki? Donatien alikaa siku moja na kalamu, kisha akasema, "Si tuko na wamama?" Sehemu zilizokosa wapigaji akawapa kwaya ya Papa Polycarpe, waimbe kwa mdomo uliofungwa na kwa mdomo wazi. Wale wale wamama waliokuwa kwenye kilio.

Nilimfuata Papa Polycarpe mwenyewe, siku ya zoezi la kwanza. Nilimwambia uso kwa uso, "Papa, ile siku ulininyamazisha. Sijasahau."

Alivua miwani, akaifuta. "Maman, nilifanya bibaya? Tulikuwa na ba voisins."

Alivaa miwani, akaenda kuwafundisha wanaume sauti yao ya chini.

Tukaipiga Jumapili moja ya mwezi wa sita, saa tisa mchana, pale pale ukumbini kwa parokia, kwenye ile piano ya zamani ambayo Donatien aliitengeneza mwenyewe kwa wiki tatu. Joto lilikuwa kali, madirisha yote wazi upande wa ua. Watu walijaa mpaka ukutani. Wamama wakaanza ule wimbo wa kuzunguka, fidla mbili tatu chini yao. Kiti cha piano kitupu. Nyuma yangu nikasikia bwana mmoja akinong'ona, "Umeona? Mupiga piano amechelewa. Wazaïrois hao." Mke wake akamrekebisha, kwa sababu nchi yetu ilikuwa imebadilishwa jina mwezi uliopita.

Halafu mlango wa barabarani ukafunguka. Anaïs alikuwa amevaa gauni jeusi, na chini viatu vyangu vya kazi. Aliniomba asubuhi, nikampa. Vilikuwa vikubwa kwake, vikapiga sakafu, ko, ko, ko, katikati ya watu wote, mpaka kwenye piano. Akakaa. *Mawee, mama.*

Wamama waliacha wimbo wao wakachukua wa Anaïs, bila kutazama karatasi, maana jambo hilo hawakuhitaji kusomeshwa. Walimbeba. Kisha mmoja mmoja wakanyamaza, fidla zikanyamaza, akabaki peke yake na zile dakika saba.

Alikuwa kwenye sukari iliyoungua walipoanza kugonga mlango.

Pwa, pwa, pwa. Nilijua sauti hiyo kabla sijageuka. Nikamwona Anaïs amesikia pia, vidole vyake vikapunguza mwendo, kama mtu anayetaka kuuliza. Nikasema moyoni, hapana, Mungu wangu, si mara ya pili.

Papa Polycarpe alitoka kwenye mstari wa wanaume. Mnene vile, alipita katikati ya viti mpaka mlangoni, akaufungua nusu. Nilikuwa karibu, niliona. Alikuwa bwana mmoja wa nyumba ya jirani, na singlendi na ndala, amekasirika, anasema kwa Kifaransa kelele hizi mwisho saa ngapi, leo ni Jumapili, atawaita polisi. Na Papa Polycarpe, ambaye anaongea Kifaransa cha kitabu kuliko hata hao wenyewe, siku ile Kifaransa kilimtoka kabisa kichwani.

"Monsieur, ngoja," akasema kwa sauti yake yote. "Mutoto analilia mama yake. Bado hayamaliza."

Akafunga mlango. Akageuka, akauegemea kwa mgongo, akakunja mikono kifuani. Mlango ukagongwa tena, naye akatikisika nao, hakuondoka. Alimtazama Anaïs akamfanyia ishara kwa kidevu: endelea.

Anaïs akaendelea. Mwiko ukavunjika. Barua ikaja, ikaomba picha. Nami nikafungua mdomo, pale kwenye kiti cha mbele, nikalia kwa sauti, na hakuna mtu aliyeniambia chut. Nililia mpaka nikamaliza. Donatien alikuwa kiti cha pembeni yangu. Safari hii hakuwa na karanga wala karatasi gotini. Alikuwa amenishika mkono, analia naye, vibaya, kwa sauti ya kukwaruza isiyo na noti hata moja.